Punda aliyeitwa ng'ombe: kompyuta inavyosoma video iliyopigwa kutoka angani

Siku mbili baada ya droni kupita juu ya ufuo wa mji wa Lamu, barazani kwetu Mkomani palikuwa na habari tatu. Ya kwanza: ndege ile imechukua nyuso za kila mtu, na sasa ziko kwenye kompyuta Nairobi. Ya pili: inaona mpaka ndani ya nyumba, ukuta si kitu kwake. Ya tatu ilikuwa swali, la mzee mmoja ambaye sote tunamwita ami. Alimaliza kikombe chake cha kahawa chungu, akakirudisha kwenye sinia, akasema: "Mimi nataka kujua moja tu. Imehesabu punda wangapi?"

Nilinyamaza, maana video yenyewe nilikuwa nayo mimi. Mpwa wangu, aliye na kibali cha kurusha, aliipiga kwa ajili ya kikundi cha vijana wa mtaa waliotaka kujua ni mashua ngapi na punda wangapi hukusanyika gatini asubuhi. Akaniletea dakika ishirini nimsaidie kuzipitisha kwenye programu ya kuhesabu. Tuliyoyaona nitayaeleza, ila kwanza yabidi kufungua fundo, kwa sababu barazani vitu vitatu tofauti vimefungwa pamoja vikaitwa "droni".

Droni ni chombo cha kuruka basi: rafadha nne, betri, na mtu aliyesimama chini ameshika rimoti. Chini yake imening'inia kamera, ambayo inarekodi mwanga kama simu yako inavyorekodi harusi. Droni na kamera zote mbili hazijui zimepita juu ya nini. Anayedaiwa kuona ni wa tatu, yaani programu inayopokea video na kujaribu kusema humu mna nini, kiko wapi, na kinaelekea wapi. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa uoni wa kompyuta, nayo ni tawi mojawapo la akili unde. Mara nyingi huyu wa tatu hata hapandi angani. Video inakaa kwenye kadi ya kumbukumbu, droni inatua, kadi inachomolewa, na uchambuzi unafanyika baadaye mezani, feni ikizunguka na chai ikipoa. Zipo droni zinazochambua kidogo zikiwa hewani, kwa mfano kumfuata mtu uliyemchagua asitoke kwenye picha. Kuhesabu ufuo mzima ni kazi nyingine.

Kofia ya viua

Chukua kofia ya viua, ile inayoshonwa kwa mkono miezi kadhaa. Ukiisogeza karibu na jicho unaona vitobo na uzi tu. Akiivaa mtu aliye hatua tano mbele yako, vitobo vinageuka kuwa ua, mwezi, maandishi. Picha ya kidijitali imeundwa vivyo hivyo. Kila kitobo kinaitwa pikseli, na badala ya uzi kina namba tatu: kiasi cha wekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Mchanga wa Shela saa sita mchana ni namba tatu kubwa zinazokaribiana. Kivuli cha uchochoroni ni tatu ndogo.

Video yetu ilikuwa ya 4K, maana yake kila picha ina pikseli 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo. Zidisha, unapata 8,294,400. Kila moja ina namba tatu, kwa hiyo jumla inakaribia milioni 25. Na hiyo ni picha moja. Video ni picha nyingi, au fremu, na yetu ilikuwa na fremu 30 kwa kila sekunde, zikipinduliwa upesi hata jicho linadanganyika. Dakika ishirini ni fremu 36,000. Kabla programu haijafanya lolote, mkononi ina rundo la namba, na ndani ya rundo hilo hamna punda wala mashua. Wewe unamwona punda kwa kuwa umekulia naye. Kompyuta ina 143, 121, 98, halafu pembeni yake 140, 119, 97.

Utatokaje hapo ufike kwenye neno "punda"? Zamani wataalamu walijaribu kuandika kanuni kwa mkono: mnyama wa kijivu, masikio marefu, miguu minne. Kanuni hiyo inafaa mpaka ukutane na punda aliyebeba magunia ya mchanga, anayetazamwa kutoka juu, masikio yamefichwa na kichwa cha anayemwongoza. Unaongeza kanuni nyingine, na nyingine. Kanuni zinaisha, punda hawaishi.

Njia ya sasa ni kufundisha kwa mifano. Mtoto anayefuatana na babake kwenye biashara ya boriti hafundishwi kwa kitabu tofauti ya fito, pau, mazio na boriti. Anaambiwa "lete pau", analeta mazio, anarudishwa. Kesho anakosea tena, ila si sana. Msimu ukiisha mkono wenyewe unajua. Programu nayo inaoneshwa picha ambayo binadamu ameshachora kisanduku kukizunguka kitu na kukiandikia jina. Inabahatisha. Inaambiwa imekosea kiasi gani, na ndani yake mamilioni ya vipimo vidogo vinasogezwa kidogo kidogo ili kosa lipungue. Kisha picha nyingine, tena na tena, mara laki nyingi. Vipimo hivyo vimepangwa kwa tabaka. Za mwanzo hujifunza kingo na pembe, za kati mikunjo na vipande, za juu kitu kizima. Hakuna anayeziagiza zigawane kazi hivyo, zinafika hapo kwa kusahihishwa tu.

Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walishinda shindano la ImageNet, la programu za kutambua kilichomo pichani, kwa njia hii, tena kwa tofauti iliyowashtua wenzao. Mwaka 2015 Joseph Redmon na wenzake wakatoa YOLO, programu inayoitazama picha nzima kwa mkupuo mmoja badala ya kuipekua kipande kwa kipande. Tangu hapo kuchambua video kwa kasi kukawa kitu anachoweza kukifanya mtu mwenye kompyuta nzuri nyumbani.

Twiga yumo, punda hayumo

Tulipoipitisha video, visanduku vilianza kuchomoza kwenye skrini. Watu, wengine walipatikana, wengine walipitwa. Punda wa kwanza, aliyekuwa akishuka gatini mtupu, aliandikiwa "ng'ombe". Wa pili "farasi". Wa tatu, aliyepakiwa mawe, hakuandikiwa kitu. Hori, yaani mtumbwi mdogo, lililofungwa kando ya ukuta likaitwa ubao wa kuteleza mawimbini. Mpwa wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi niliona haya kidogo, kama vile programu ni mgeni wangu niliyemleta barazani akasema upuuzi, nikaenda kusoma orodha ya vitu alivyofundishwa.

Modeli nyingi za bure za kutambua vitu, yaani programu zilizokwisha kufundishwa, zimefundishwa kwa mkusanyiko wa picha uitwao COCO, uliotoka mwaka 2014. Una aina 80 za vitu. Yumo ng'ombe, yumo farasi, kondoo, tembo, pundamilia, twiga, hata dubu. Imo mashua, lakini ni moja kwa zote: jahazi, ngalawa na boti ya injini zinaitwa jina lilelile. Zimo mbao za kutelezea theluji. Punda hayumo. Kwa mji ambao punda ndiye lori lake na ndiye mkokoteni wake, programu ilifika bila neno la punda kabisa. Na ikikutana na kitu kisichokuwa kwenye orodha yake, ama inakipa jina la jirani, ama inakipita kana kwamba hakipo. Macho ya kompyuta hayakuwa na hitilafu yoyote. Kamusi ndiyo ilikuwa pungufu.

Jambo la pili lililoiangusha ni pembe ya kutazama. Picha za COCO karibu zote ni za mpiga picha aliyesimama ardhini, akiona uso, kiwiliwili na miguu. Kutoka juu, mtu ni duara la kofia, mabega mawili, na kivuli. Asubuhi jua likiwa chini, kivuli ni kirefu kuliko mwenyewe, na miguu ya punda inaonekana vizuri zaidi kwenye kivuli chake kuliko mwilini. Ndiyo sababu kuna mikusanyiko ya picha za angani peke yake. VisDrone, iliyoandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tianjin, ina picha na video kutoka miji ya China: magari, mabasi, pikipiki, vyombo vya magurudumu matatu. Ningeipeleka Mombasa kabla ya kuileta Lamu.

Vitobo vitano vya uso

Sasa hofu ya nyuso. Tuseme fremu moja inafunika mita 115 za ufuo kwa upana. Gawanya kwa pikseli 3,840, unapata sentimita 3 kwa kila pikseli. Punda wa urefu wa mita 1.2 anapata pikseli 40, zinamtosha kutambulika. Mabega ya mtu mzima, kama 15. Uso wa upana wa sentimita 15, ikiwa mwenyewe ameinua kichwa kutazama juu, unapata pikseli 5. Chukua kofia yako, hesabu vitobo vitano kwenye mstari mmoja, halafu uniambie vimechora uso wa nani.

Sisemi hakuna la kuogopa. Droni ikishuka, au ikiwa na lenzi ya kuvuta karibu, hesabu hiyo inageuka kabisa. Tena kukufuata hakuhitaji uso. Kitone chenye kanzu nyeupe kilichotoka mlango fulani alfajiri, kikapita Mkunguni, kikaingia mlango mwingine, jirani yeyote atakijua ni nani bila kuona pua. Hilo mimi linanitia wasiwasi kuliko uso. Na ajabu ni kwamba simu ya mtu aliyekaa baraza ya pili inachukua sura yako barabara kila siku, wala hakuna anayeisema.

Kuhusu kuta, kamera ya kawaida haipiti hata pazia. Ile ya joto, inayotumika usiku, huona joto la uso wa nje wa kitu. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe unaizuia, na hata kioo cha dirisha kinaizuia. Kwa hiyo habari ya pili ya barazani haina ukweli.

Lakini wanawake wa nyumba za nyuma walikuwa na lalamiko ambalo sisi wanaume wa barazani hatukulifikiria. Nyumba ya Kiamu imejengwa kulikinga jicho la mpita njia. Kuna daka, kile kibaraza cha mlangoni, na njia ya kuingilia imepindwa ili anayebisha hodi asione ndani. Kisha katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, na darini, juu ya paa, huanikwa nguo, na watu hulala huko joto likizidi. Mafundi wa zamani walijihami na jicho la mtaani. La juu hawakulijua. Pale droni inaona kila kitu, hata bila ujanja wowote. Dawa yake kiufundi ni nyepesi: kabla ya kuchambua, unachora mipaka ya viwanda na madari, kisha unaiamuru programu izipake weusi sehemu hizo katika kila fremu. Tulifanya hivyo siku ya pili. Siku ya kwanza, nakiri, hatukukumbuka.

Sheria nayo ipo. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani, zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, zinataka kibali, na kikomo cha kawaida cha kuruka ni futi 400, kama mita 120. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, video ikiwemo. Ukimsimamisha mrushaji ukamwuliza kibali kiko wapi na video itafutwa lini, hujamvunjia heshima.

Punda aliyezaliwa chini ya wikio

Kamera ya dukani imetulia ukutani, kinachosogea mbele yake ni mtu. Angani hakuna kilichotulia. Pepo za kusi zinaisukuma droni, droni inajirudisha, maji yanacheza, mashua zinayumba kwenye kamba zake. Ukiiuliza kompyuta nini kimesogea, itakujibu: vyote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutuliza picha. Programu inatafuta alama zisizohama, inaangalia zimehamia wapi kati ya fremu hii na ile, halafu inaivuta picha nzima irudi mahali pake. Kwetu alama hizo zilikuwa pembe za Ngome, ambayo imesimama palepale tangu 1821, na ngazi za gati. Baada ya hapo kinachobaki kusogea kimesogea kweli. Isipokuwa mawimbi, ambayo hayatulizwi na mtu.

Kinafuata kibarua cha kufuatilia. Kumwona punda kwenye fremu ya 100 na kumwona punda kwenye fremu ya 101 hakukuambii kama ni yuleyule. Programu inalinganisha: je, kisanduku kiko karibu na kile cha mwanzo? Mwendo unaafikiana? Rangi? Vikiwiana, inampa namba ileile aliyokuwa nayo. Mpango huu unakwenda vizuri mpaka punda aingie chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Anaingia akiwa namba 7, anatoka upande wa pili namba 12. Mara ya kwanza tulipata punda wengi kiasi kwamba ami alisema labda wamezaana njiani. Tuliacha kuhesabu wanyama tukahesabu mipito: unachora mstari mmoja mwanzo wa gati, na kila anayeukata anaandikwa, kama karani wa forodha anavyoandika magunia.

Hapa ndipo takwimu nyingi unazosikia zinapoharibikia. Programu hukosea kwa njia mbili, kukosa kilichopo na kuzua kisichopo. Tuseme gatini wapo punda 40, na programu inasema 40. Unampa mtu mkono. Kumbe imewapita punda 8, na imeyahesabu mafurushi 8 kuwa punda. Jumla imetoka sawa, kazi ni mbovu. Anayekuletea namba moja mwulize mbili: kati ya uliowataja, wa kweli ni wangapi, na kati ya waliopo kweli, umewapata wangapi? Katika mfano huu ni 32 kwa 40 pande zote mbili, asilimia 80. Na ile 0.87 inayoandikwa juu ya kisanduku isikutishe. Ni kadiri programu inavyojiamini, na watu wanaojiamini huku wamekosea tunao wengi mtaani.

Baharini mambo yanazidi ugumu. Jua linamulika juu ya maji na kufuta kila kitu, povu linajifanya mgongo wa kasa, na fungu lililozama wakati wa bamvua linachomoza maji yakitoka, likawa ni kitu kipya kabisa machoni pa programu. Nguva, ambaye sasa ni adimu mno katika maji yetu, huibuka kuvuta pumzi na kuzama tena, na maji yakiwa na tope huoni kitu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Australia walirusha chombo kisicho na rubani juu ya Shark Bay kuwatafuta nguva. Walipata picha zaidi ya 6,000, na ikabidi watu wakae wazipitie kwa macho. Anayeuliza kwa nini tunasumbuka na mashine inayokosea, ajaribu kazi hiyo wiki moja.

Mikoko ni nafuu, kwa kuwa haikimbii. Jani bichi huakisi sana mwanga ulio nje kidogo ya wekundu, usioonekana kwa macho yetu, na zipo kamera zinazounasa, hivyo mkoko mzima na uliokauka hutengana vizuri. Kutazama kwa mwanga usioonekana si mambo mapya pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni upande wa Malindi, na kazi yake ilikuwa kuitazama mbingu kwa eksirei. Ila kupambanua mkoko na mkandaa kwa video ya kawaida kutoka juu, hapo hata mkata boriti mzoefu angekuomba umteremshe kwenye mtumbwi akaitazame mizizi.

Tuliirudisha programu shule. Huianzishi upya, maana kingo na mikunjo inazijua tayari. Unaiongezea mifano ya kile isichokijua. Jioni tatu mfululizo tulisimamisha video, tukachora kisanduku, tukaandika "punda". Jioni ya pili ami alikuja kutazama, akavuta kiti, na baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. "Hilo si furushi, huyo ni punda amelala." "Huyo mmemchora mara mbili, mmoja ni kivuli." Mmoja alimtambua kwa mwendo, na hatukubishana naye.

Siku ya nne tuliijaribu kwenye dakika chache ambazo haijawahi kuziona. Programu ilitaja punda 31. Ami alihesabu kwa kidole kwenye skrini, akapata 29. Mmoja wa waliozidi alikuwa rundo la saruji lililofunikwa turubai, tukalifuta. Wa pili alikuwa kivuli cha mlingoti wa jahazi, kinakwenda na kurudi ukutani kila wimbi likipita. Mpwa wangu alipotaka kukifuta, ami alimshika mkono.

"Huyo mwache," alisema. "Anatembea kama wangu."